Darasa la kutengeneza dawa kwa magugu kule Muheza: nilichopata kwa elfu thelathini yangu

Kwa wale mlioniuliza lile darasa la kutengeneza dawa za majani kule Muheza kama linafaa au ni kula hela za watu tu, jibu langu ni nendeni, ila ngojeni nieleze vizuri maana kuna vitu vimenifurahisha mno na kuna vingine lazima virekebishwe, na sipendi mtu aende kwa maneno yangu alafu arudi ananilaumu.

Nianze na kwanini nilienda. Mimi nina magaga, yani visigino vinapasuka mpaka damu, kila kiangazi ndo hivyo. Mwaka jana nilikuwa Dar nikanunua kikopo cha dawa ya asili kwenye duka moja, elfu kumi na tano, kikopo hakina lebo hakina tarehe, muuzaji anasema tu hii ni majani matupu mama, haina kemikali. Nikapaka siku ya kwanza, siku ya pili mguu ukawaka moto na ngozi ikafanya malengelenge, nilitembea na kandambili wiki mbili nzima. Niliporudi dukani kuuliza kuna nini mle ndani hakuna aliyeweza kunijibu. Hicho ndo kiliniuma kuliko hata malengelenge, kwamba mtu anauza kitu cha kupaka mwilini na yeye mwenyewe hajui kina nini. Basi niliposikia kuna mama anafundisha kutengeneza mwenyewe, kwa majani yanayoota nyuma ya nyumba yako unayoyafyeka kila mwezi na kuyachoma, nikasema hapa ndo pangu.

Darasa ni siku moja, Jumamosi, nyumbani kwake. Mwenyewe ni nesi mstaafu, mtu mzima, wote tulikuwa tunamwita Bibi na yeye anatuita wajukuu zangu hata wale wenye mvi. Sitamtaja jina kwa sababu sikumwomba ruhusa. Ada ni elfu thelathini, humo kuna chakula cha mchana na kikopo kimoja cha marashi uliyotengeneza kwa mkono wako, marashi namaanisha mafuta mazito ya kupaka, sio pafyumu. Kutoka Tanga mjini ni mwendo wa kama kilomita 35, unapanda kosta, ukishuka stendi unachukua bodaboda.

Sasa nilitegemea tukifika tu tutaanza kutwanga na kuchemsha. Wala! Saa mbili nzima za kwanza hatukugusa sufuria. Bibi alitupeleka uani kwake, uwanja wa kawaida tu kama wako na wangu, migomba miwili mitatu, mchungwa, banda la kuku, na magugu kila mahali maana alikuwa ameyaacha makusudi wiki tatu bila kufyeka. Akasema kila mtu alete jani analolijua na aseme linaitwaje kwao. Hapo ndo nikaelewa kazi ilipo. Lile jani lenye mbegu nyeusi ndefundefu zinazong'ang'ania kwenye suruali na kanga, mimi naliita kishonanguo, dada mmoja wa Lushoto akasema kwao Usambara hiyo ni mbwembwe na ni mboga, kaka mwingine wa Handeni ana jina lake tofauti kabisa. Bibi akachukua kalamu akaandika kwenye kipande cha boksi jina lake la kisayansi, Bidens pilosa, akasema majina ya nyumbani ni mazuri lakini jina moja linaweza kubeba mimea mitatu na mmea mmoja ukabeba majina kumi, kwa hiyo usichume kitu kwa jina la kuambiwa kwenye simu, chuma ukiwa umeona jani, shina, ua na mbegu. Alafu akatutafunisha majani machanga ya kishonanguo mabichi, yana ukakasi fulani hivi, akatueleza kwao wakikatwa na jembe kidogo wanayafikicha wanabandika damu inakata, ila akasisitiza ni jeraha dogo na uwe umeliosha kwa maji na sabuni kwanza, kidonda kirefu au cha msumari wenye kutu unaenda zahanati uchomwe sindano ya pepopunda, hakuna jani la kuzuia pepopunda. Hiyo aliirudia mara tatu.

Kilichonifanya nimheshimu huyu mama ni kwamba muda aliotumia kufundisha vitu vya kutogusa ni karibu sawa na muda wa vitu vya kutumia. Nyuma ya jalala lake kuna mnanaha umeota, ule wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na matunda ya mviringo yenye miba. Hakuung'oa. Alitusimamisha pale kama tuko msibani. Kumbe kuna watu wanakausha majani yake wanavuta kama sigara kwa ajili ya pumu, na ni kweli ndani yake kuna atropini ambayo hata hospitali wanaitumia, lakini hospitali wanapima kwa miligramu na jani la jalalani halina kipimo, mmea huu unaweza kuwa na sumu mara kadhaa ya ule wa pembeni yake. Mdomo unakauka, macho yanatanuka, mtu anaanza kuongea na watu ambao hawapo. Akatukumbusha ya Karamoja kule Uganda mwaka 2019, watu takribani 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula uji wa unga wa msaada, na uchunguzi ukakuta sumu za jamii hiyohiyo ya mnanaha, magugu yalichanganyika na mazao kabla hayajasagwa. Hapo hakuna mtu alivuta wala kunywa dawa, ni uji tu. Kulikuwa kimya pale, yani hata yule kaka aliyekuwa anachati muda wote aliweka simu mfukoni.

Mwingine ni mbarika, mnyonyo kwa jina lingine. Mafuta yake yanauzwa madukani na hayana shida yakikamuliwa inavyotakiwa, lakini mbegu zenyewe zina sumu kali, mtoto akitafuna chache tu ni hatari, na zile mbegu ni nzuri zina madoa kama shanga kwa hiyo watoto wanazipenda. Nilivyorudi nyumbani kitu cha kwanza nilichofanya ni kung'oa mbarika wangu wa karibu na bomba, nina watoto wawili wa dada yangu wanacheza pale kila siku. Kwa hilo peke yake elfu thelathini ilisharudi.

Alafu mziwaziwa, kale kagugu kanakotambaa kwenye nyufa za sementi, ukikakata kanatoa maziwa. Kaka mmoja akasema yeye anakunywa kwa kila kitu, kifua, tumbo, mpaka nguvu za kiume. Bibi akamuuliza kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, unakunywa kiasi gani?" Akajibu kikombe. "Kikombe cha majani mangapi?" Kimya. "Umechemsha muda gani?" Kimya. "Basi hujui unachokunywa." Akaeleza ni kweli wazee wameutumia kwa pumu na kuhara miaka na miaka, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza, na yeye hafundishi dawa ya kunywa ambayo hawezi kukwambia kipimo chake. Kwa hiyo darasa lake ni vitu vya kupaka, vya kufukiza, na chai nyepesi tu za majani ambayo tunayala au kuyanywa kila siku. Mtu akitaka kwenda kujifunza dawa za kunywa za sukari na presha huko hatazipata, na mimi naona yuko sahihi kabisa.

Tuje kwenye sufuria sasa, maana ndo wengi mnauliza.

Tulitengeneza mafuta ya kivumbasi. Kivumbasi mnakijua, kinaota chenyewe pembeni ya njia na kwenye viwanja, ukikipita kinanukia, cha kwake kilikuwa na harufu kama ya karafuu na alisema sio mawazo yetu, ile harufu inatokana na eugenol, kitu kilekile kilichomo kwenye karafuu. Siri kubwa ya darasa zima ipo hapa na naisema bure: jani likaushwe kabla halijaingia kwenye mafuta. Mimi kabla ya hapo nilishajaribu mwenyewe nyumbani, nikachukua majani mabichi nikayajaza kwenye chupa ya jemu nikamimina mafuta ya nazi nikaweka dirishani, siku ya sita nikakuta ukungu wa kijani juu na harufu ya kitu kilichochacha, nikamwaga lita nzima. Sikujua nilikosea wapi mpaka nilipomsikia Bibi anasema maji ya kwenye jani ndo adui wa mafuta. Maji yakibaki ndani, vijidudu vinapata pa kuishi. Unakausha kivulini kwenye ungo, sio juani maana jua linachukua harufu na harufu ndo dawa yenyewe, unageuza asubuhi na jioni. Kiangazi siku nne au tano zinatosha, ila masika kwa hewa yetu hii ya pwani unaweza kumaliza wiki na nusu na bado jani likawa laini kama kitambaa. Utajua limekauka ukilifikicha likilia kachakacha na kuvunjika, likikunjika bado.

Ukishakausha unayavunjavunja kwa mkono, unajaza nusu ya chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unamimina mafuta ya nazi mpaka yafunike majani kwa kidole kimoja juu. Kuna njia mbili, ya kuacha wiki nne mahali penye joto ukitikisa kila siku, au ya haraka ambayo tulifanya sisi, bakuli lenye mafuta na majani linakaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, masaa mawili, mafuta yenyewe yasichemke hata kidogo. Ukiona yanatoa mapovu umeshakaanga majani. Bibi alikuwa anapita anainamia kila bakuli ananusa. Kuchuja tulichujia kifumbu cha nazi na kitambaa juu yake, nilipenda sana hapo, kila mmoja ana kifumbu kwake hakuna cha kwenda kununua. Usikamue kwa nguvu mwishoni, yale matone ya mwisho yanakuja na unga wa majani unaoharibu mafuta mapema.

Nta ya nyuki tuliyotumia ilitoka Tabora, tofali la njano lenye harufu ya asali na moshi kidogo. Unaikwangua kwa grata. Vipimo ni gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta, lakini kwa joto la Tanga Bibi anaongeza mpaka 25, maana mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 tu na huku kwetu kikopo kikikaa kwenye mkoba mchana kinakuwa mchuzi. Nta yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi kwa hiyo maji ya moto ya chini yanatosha kabisa, usiiweke kwenye moto moja kwa moja maana inashika moto kama mshumaa ulivyo. Kujua kama imekaa sawa unadondosha tone kwenye kisahani cha baridi, unasubiri dakika moja, unabonyeza. Langu la kwanza lilibonyea kama siagi iliyoachwa nje, nikaongeza nta kijiko kimoja, la pili likawa zuri, linakwama kidogo alafu linalainika kwenye kidole. Nilifurahi jamani! Kumimina kwenye kikopo na kuona yanaganda kuanzia pembeni kuja katikati, rangi ya kijani iliyofifia, na unajua kila kilichomo mle ndani kwa sababu umekiweka mwenyewe.

Kabla ya kupaka popote unapaka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, unakaa siku nzima. Ikiwasha, hiyo sio yako. Angenifundisha hivi yule wa Dar nisingeungua.

Na mshubiri pia tulifanya, haraka haraka. Ukikata jani lisimamishe kwenye kikombe dakika 15 ule utomvu wa njano utoke wote kwanza, huo ndo ule wa chungu kama shubiri na ukinywa utashinda chooni siku nzima, tunachotaka ni ute wa ndani mweupe wa kupaka kwenye ngozi iliyoungua na jua. Chai ya mchaichai na tangawizi na asali kwa kikohozi sina haja ya kueleza, ila alisema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa kwa sababu inaweza kubeba vimelea ambavyo tumbo lake changa haliviwezi, na pale ukumbini wamama watatu walishtuka maana walishawapa.

Mtu mmoja akauliza malaria. Nilikuwa nasubiri kusikia atasema nini maana hapo ndo wengi wanapoharibu. Akasema dawa ya mseto tunayopewa zahanati chanzo chake ni gugu kweli, ni jamii ya pakanga, na mwanasayansi wa China Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel 2015 kwa kazi hiyo, kwa hiyo asidharau mtu magugu. Lakini kikombe cha chai ya pakanga hakina kipimo kinachojulikana na Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia kutibu malaria, unaweza kujisikia nafuu siku mbili vimelea vikabaki. Pima, meza dozi mpaka iishe. Na kivumbasi ukichome au ukitundike dirishani mbu wapungue, lakini chandarua kibaki palepale.

Chakula, sijui niseme nini. Ugali, dagaa wa kukaanga, na mchunga wa nazi. Mchunga nao ni gugu, unaota kwenye mashamba na watu wanaupiga jembe, ni mchungu kama jina lake, aliuchemsha akaumwaga maji ya kwanza akaukamua ndo akaupika na tui zito. Nilikula sahani mbili. Bado kidogo ule uchungu unabaki nyuma ya ulimi na ndo utamu wenyewe, kama umekulia pwani unanielewa.

Sasa yale ya kurekebisha, na haya nilimwambia Bibi mwenyewe kwa adabu zote kabla sijaondoka, akasema ahsante mwanangu nimesikia. Tuliambiwa tutakuwa watu 15 tukajikuta 26. Majiko yalikuwa mawili tu ya mkaa, kwa hiyo wengine walikaa wanaangalia wenzao wanakoroga, na mtu amelipa hela sawa na mimi. Mizani ilikuwa moja, wa mwisho wakapima kwa kijiko, na kijiko cha nta iliyokwanguliwa kikijaa kwa huyu sio sawa na kikijaa kwa yule, ndo maana dada niliyekaa naye mafuta yake yaligoma kuganda kabisa. Tulianza saa nne badala ya saa tatu. Na hakuna karatasi yoyote ya kuondoka nayo, nimeandika kwenye daftari la mtoto mpaka mkono ukauma, na wasioandika sijui watakumbuka nini, hasa ile mimea ya sumu. Ile angalau iwe na picha, hata nakala nyeusi na nyeupe ya steshenari ni hela ndogo sana. Vikopo vilikuwa vya plastiki laini vilivyotumika, mimi nilienda na chupa yangu ya kioo na nashauri na wewe ufanye hivyo.

Nyota nampa nne kati ya tano. Ile moja ataipata siku akipunguza watu na kutoa karatasi.

Kuna jambo moja zaidi kwa wanaotaka kwenda ili wafungue biashara. Bibi aliliweka wazi asubuhi kabisa, anafundisha ya kutumia nyumbani kwako na familia yako, ukitaka kuuza nenda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ukasajiliwe, sheria ipo tangu 2002, na dawa yako ipimwe. Kuna wawili walinuna waziwazi. Mimi nikamfikiria yule muuzaji wa Dar na kikopo chake kisicho na lebo nikaona amesema kweli tupu.

Pia msichume pembeni ya barabara kubwa wala kwenye mfereji wala kwenye shamba lililopigwa dawa, jani linanyonya yaliyopo pale. Wajawazito na wanaotumia dawa za hospitali kila siku waulize kwanza daktari hata kwa chai, na waseme wanakunywa nini, wasifiche.

Ni mwezi wa pili sasa tangu darasa. Napaka usiku baada ya kuloweka miguu maji ya uvuguvugu, alafu navaa soksi. Kisigino cha kulia kimefunga kabisa, cha kushoto bado kina mpasuko mmoja upande wa nje ila hautoi damu tena. Sisemi kivumbasi ndo kimefanya yote, Bibi mwenyewe alisema nusu ya kazi ni nta na mafuta kuzuia ngozi isikauke na kule kuloweka kila siku. Kikopo cha kwanza nimebakiza robo, cha pili nimetengeneza wiki iliyopita peke yangu hapa nyumbani, gramu 25 za nta kwa 100, kimeganda vizuri, na nimekibandika karatasi: kivumbasi, mafuta ya nazi, nta, tarehe. Wifi yangu ameshaomba chake, nimemwambia apake kwanza ndani ya kiwiko asubiri mpaka kesho.

Darasa huwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mkienda bebeni chupa ya kioo, daftari, na muwahi mkae karibu na mizani.